Nani Kailipa Nusu ya Baba?

"Nani kailipa nusu ya baba?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na habari za mlivyonilaani zimenifikia. Mama mmoja alinibana kwenye foleni ya duka, mkono kiunoni, akasema nisipomtaja mlipaji anahamia gazeti jingine. Mama, usihame. Jibu lako hili hapa.

Hakimu alirudia swali, safari hii amevua miwani.

"Amri ya mahakama ilikuwa wazi. Gharama za wakili wa mtoto zigawanywe nusu kwa nusu, nusu mama, nusu baba. Baba anasema hajatoa hata senti. Ofisi ya wakili inasema nusu ya baba imeingia jana. Pesa haina miguu. Nani kailipa?"

Benchi la kushoto likalia. Akasimama mama wa mtoto.

"Ni mimi, Mheshimiwa."

Jamani! Chumba kizima kikaguna.

Huyu mtaa mzima unamwita Mama Makochi, kwa kuwa kazi yake ni kuyavisha makochi nguo mpya. Kochi linaingia kwake springi zinachungulia nje, linatoka linaringa. Mikono yake imezoea nyundo na ngozi ngumu, lakini asubuhi hiyo ilikuwa imeng'ang'ania pochi.

Upande wa pili, aliyekuwa mumewe aligeuka kumtazama. Yeye ni mpima ardhi, na tumekuwa tukimwita Mpima tangu mwanzo wa hadithi. Kazi yake ni kuwagawia watu viwanja kwa kamba na vigingi, na mimi nadhani ndiyo iliyomdanganya kwamba mtoto naye ana mpaka katikati. Amepata cheo katika mji wa mbali, anahama mwezi ujao, na anataka kuhama na binti yao. Mama anataka binti abaki.

Binti mwenyewe ana miaka tisa. Jina lake la nyumbani ni Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Alinyamaza wazazi walipotengana. Juu ya jambo hili hakumfungulia mdomo mama, wala baba, wala mwalimu wake. Alimfungulia mtu mmoja tu, wakili aliyepewa na mahakama, mzee mpole ambaye mtoto alimwita Mjomba Tai kwa ajili ya tai yake ya mistari isiyobadilika.

Najua mnasubiri niseme ile ya fahali wawili na nyasi. Sisemi. Mnaijua.

"Kwa nini ulilipa sehemu isiyo yako?" hakimu akauliza.

"Walisema nusu ya baba isipoingia, wakili anajitoa. Mwanangu haongei na mwingine, Mheshimiwa. Na baba yake alishakataa."

Kweli alikataa. Mlimsikia wenyewe wiki ile akifoka kwenye ngazi za mahakama: "Mtoto wangu asemewe na mtu baki, halafu nilipe mimi?"

"Kwa hiyo ukafanyaje?"

"Nikaenda kwa karani wa ofisi yao. Nikasema nimetumwa na baba mtoto."

"Ulidanganya."

"Nilidanganya, Mheshimiwa."

Hakimu akamgeukia Mjomba Tai. "Wakili, ulijua?"

"Sikujua, Mheshimiwa. Niliambiwa pesa imeingia kwa jina la baba. Nikafurahi, nikasema afadhali mzazi mwenzake amelegeza moyo."

Hapo akainuka wakili wa Mpima, mwanamke mfupi wa kimo na mrefu wa hoja. Hakupaza sauti. Watu wa aina yake hawahitaji.

"Mheshimiwa, simlaumu mama. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini waliosema hivyo ndio waliosema mkono mtupu haulambwi. Wakili msomi mwenzangu amelishwa na mkono mmoja. Atasimamaje katikati? Mahakama haikusema nusu kwa nusu kwa kupenda hesabu. Ilisema hivyo ili wakili wa mtoto asiwe wa mama wala wa baba. Leo ni wa mama, hata kama mwenyewe hakujua."

Namwandika mwanamke huyu nimekasirika, lakini siwezi kumsingizia. Alikuwa na haki.

"Mama," hakimu akasema, sauti imeshuka kidogo, "nusu mbili kwa kazi yako. Ulizitoa wapi?"

"Nusu yangu nilijibana. Ya baba yake niliuza cherehani."

"Cherehani gani?"

"Ile kubwa ya kushonea ngozi. Nina ndogo, lakini haipenyi hata turubai."

"Umeuza ile?" Neno lilimtoka Mpima kabla hajajijua.

"Baba, huzungumzi na mama humu ndani," hakimu akamkanya.

Mpima aliijua cherehani ile vizuri. Waliinunua pamoja kabla mtoto hajazaliwa, wakaipandisha ngazi wawili, yeye akitembea kinyumenyume huku mke anacheka na kumwonya asidondoke. Chiriku alijifunza kusimama kwa kushika mguu wa meza yake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mlango wa chumba kile cha mahakama haufungi, bawaba yake imekufa siku nyingi. Nje ya mlango, kwenye benchi la ukumbini, alikaa Chiriku na askari wa mahakama. Alikuwa na karatasi na penseli za rangi, na askari aliamini anachora.

Penseli ilikuwa imesimama tangu neno "cherehani" lilipotajwa.

Hakimu aliandika kwa muda. Kisha akasoma.

"Wakili wa mtoto anaondolewa katika shauri hili. Ofisi yake imrudishie mama alicholipa kwa niaba ya baba."

"Mheshimiwa, sitaki kurudishiwa!" Mama Makochi alishika ukingo wa benchi. "Nataka abaki. Cherehani aliyeinunua keshaondoka nayo, sijui hata ni wa wapi. Hela nitaifanyia nini? Mwacheni aseme neno moja tu la mwanangu, halafu mfukuzeni!"

"Haiwezekani, mama."

"Neno moja!"

"Nimesema haiwezekani."

Mjomba Tai alikusanya karatasi zake polepole, akahama kutoka meza ya mawakili, akaenda kukaa nyuma pamoja na wasikilizaji. Neno la mtoto alikuwa nalo kifuani. Alikuwa amelipata kwa kazi ya subira, kwa sababu utaratibu wake ni kumuuliza mtoto mara tatu, siku tofauti, mahali tofauti, na jibu lisipobadilika ndipo hulibeba kwenda mahakamani. La Chiriku halikubadilika. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kulitua.

"Nikiteua wakili mwingine," hakimu akaendelea, "tutaanza upya. Nusu kwa nusu upya, malumbano upya, na baba anahama mwezi ujao. Mtoto ameshasubiri vya kutosha. Nitamsikiliza mwenyewe, ofisini kwangu, sasa hivi, bila mzazi na bila wakili."

Mama Makochi aliinua uso. Mara ya kwanza siku ile niliona meno yake.

"Atasema mwenyewe," alinong'ona. "Asante Mungu, atasema mwenyewe."

Msipige vigelegele. Naomba msipige.

Ofisi ya hakimu ilikuwa ndogo, imejaa mafaili hadi dirishani. Alimvutia mtoto kiti, akammiminia maji, akamsifia viatu. Si mtu mbaya, hakimu huyu. Alikuwa na mashauri mengine saba yanamsubiri ukumbini.

"Unajua kwa nini nimekuita?"

Chiriku akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza, "Kusema hapa ni bei gani?"

Hakimu akacheka. "Hapa ni bure, mwanangu."

"Mjomba Tai naye alisema bure."

Hakimu aliyachukua kama maneno ya kitoto, akafungua kalamu. Laiti angeuliza swali moja zaidi hapo. Lakini laiti haijawahi kumrudisha mtu nyuma.

"Haya niambie. Ungependa kuishi na nani?"

"Na baba."

"Mbona haraka hivyo? Una hakika?"

"Ndiyo. Nitakuwa na chumba changu, na dirisha lake linatazama bustani, na shule iko karibu naweza kwenda kwa miguu, na baba ananisaidia hesabu, mama hesabu hajui sana, na huko kuna maktaba ya watoto."

Yalimtoka yote kwa pumzi moja, yamenyooka, hayana hata kikohozi. Hakimu alisikia mtoto anayejua anachotaka, akaandika.

Mjomba Tai angesikia kitu kingine. Katika vikao vyao alikuwa amejifunza kwamba ukweli wa Chiriku hauji hivyo. Ukweli wake huanza kwa kusokota pindo la gauni. Anasema nusu sentensi, anakwenda dirishani, anauliza habari za paka wa jirani, halafu anarudi na nusu iliyobaki. Kinachomtoka kwa mtiririko ni kile alichokipanga. Kumjua mtoto kiasi hicho ndiyo kazi yenyewe, na aliyeifanya alikuwa ameondolewa asubuhi ileile.

Mtoto akarudishwa kwenye benchi la nje, na hakimu aliporudi katika chumba cha mahakama hakuzungusha maneno.

"Nimemsikiliza mtoto. Amejieleza vizuri, bila kusita. Anataka kwenda na baba yake."

Wakili wa Mpima aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Mpima mwenyewe alishusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa kiganja.

Mama Makochi hakulia. Afadhali angelia. Alibaki anatazama mbele kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni.

"Mama, una la kusema?"

"Amesema hivyo mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, mama."

"Basi sipingi, Mheshimiwa. Nilikuwa nahangaika asikilizwe. Kasikilizwa." Akafungua pochi, akafunga, akafungua tena. "Naomba tu nimpelekee sweta lake. Nasikia huko kuna baridi asubuhi, na baba yake hawezi kukumbuka sweta."

Moyo wangu uliniuma, ndugu wasomaji, na nyie msijifanye wagumu.

Kule nyuma Mjomba Tai alikuwa amesimama. "Mheshimiwa, kwa ruhusa yako..."

"Wakili, huna mteja humu ndani."

"Naelewa, Mheshimiwa, lakini..."

"Basi kaa chini. Tunapumzika kidogo nikaandike uamuzi."

Hakukaa. Alitoka nje.

Chiriku alikuwa palepale kwenye benchi. Askari alikuwa amesogea kuelekeza watu waliopotea njia. Mjomba Tai alikunja magoti yake ya uzeeni, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Chiriku. Umemwambia hakimu tofauti na ulivyoniambia mimi."

Mtoto akachagua penseli ya kijani, akairudisha.

"Mimi uliniambia unataka kubaki na mama. Ukasema baba akija kukuona asipige honi nje, aingie ndani akae kwenye kochi. Mara tatu uliniambia. Nilikuahidi sitamwambia mtu mpaka nikiwa mahakamani, na sasa mahakamani sina nafasi tena. Lakini ukinipa ruhusa, nitagonga mlango wa hakimu, nitamwambia nilichosikia kwako. Akinifukuza, anifukuze."

"Ukigonga, mama atalipa tena?"

"Hapana."

"Mwanzo pia ulisema silipi kitu."

"Wewe hukulipa, Chiriku."

"Mama kalipa." Mkono ulikwenda kwenye pindo la gauni, ukaanza kusokota. "Asubuhi alisema cherehani iko kwa fundi..." Akatazama dirisha. "Mjomba, yule paka wa jirani bado anachechemea?"

"Amepona. Ulikuwa unasema cherehani."

"Kumbe kaiuza. Nimesikia. Kabaki na ile ndogo isiyopenya, na nyundo, na mkasi. Nikikaa kwa mama, watagombana tena na baba, ataitwa tena huku, atauza na mkasi. Makochi ya watu atayashona na nini?"

Mjomba Tai amesimama mbele ya mahakimu maisha yake yote. Lakini huyu wa miaka tisa angemwambia nini? Kwamba walimpa wakili ili asikike, na bei ya wakili ndiyo iliyomziba mdomo?

"Nikienda kwa baba ni sawa," Chiriku akasema taratibu. "Baba hajauza kitu."

Nyuma ya pipa la maji ya kunywa, kikombe cha bati kilianguka sakafuni.

Wote wawili wakageuka. Pale alisimama Mpima, maji yamemlowesha suruali. Alikuwa ametoka kunywa maji ya ushindi. Alikuwa amesikia yote.

Baba alimtazama mwanawe. Mtoto alimtazama baba yake, na pindo la gauni likaachiwa.

"Usimwambie mtu," Chiriku akasema. Sikujua alikuwa anamwambia nani kati yao. "Baba, tafadhali. Mama asijue."

"Chiriku, mwanangu..."

"Wote ndani!" askari akaita. "Mheshimiwa anaingia!"

Ndani watu walisimama, wakakaa. Hakimu alikuwa na karatasi mbili, wino wake haujakauka vizuri. Mama Makochi alikuwa ameiweka pochi mapajani, ameikumbatia kwa mikono yote miwili. Mpima alikaa mahali pake, na suruali yake ikaacha alama ya maji kwenye benchi.

Shauri lilikuwa limekwisha, na Mpima ndiye mshindi. Alichokitaka tangu sura ya kwanza kilikuwa kwenye karatasi ile: binti yake, chumba chenye dirisha la bustani, shule ya kwenda kwa miguu. Alitakiwa kukaa kimya tu.

"Kabla sijasoma," hakimu akasema, "kuna mwenye neno?"

"Hatuna, Mheshimiwa," wakili wa Mpima akajibu upesi.

Mama Makochi akatikisa kichwa.

Mpima akasimama.

Wakili wake akamvuta koti kwa chini. "Kaa," akamnong'oneza. "Umeshashinda. Kaa!"

Hakukaa. Alimtazama mwanamke aliyeuza cherehani yao ili kulipa nusu ambayo ilikuwa yake yeye, kisha akageuza macho mlangoni, kwenye mlango ule usiofungika.

Chiriku alikuwa amesimama kwenye upenyo. Alikuwa ameweka kidole juu ya midomo, machozi yanamtiririka, anamtikisia baba yake kichwa kumkataza.

"Baba mtoto," hakimu akasema, "tunakusikiliza."